Albamu ya Mwitikiaji

Mtangazaji alianza kwa sifa, na hapo ndipo fundi makochi alipotakiwa kushtuka, maana mtu akianza kukuvika kilemba cha ukoka, shika kichwa chako. Lakini fundi hakushtuka. Alikuwa amekaa juu ya fremu ya kochi ambalo halijavishwa sponji, mkasi mapajani, anatabasamu kama bwana harusi. Redio ilikuwa juu ya marobota ya vitambaa. Mkewe alisimama kwenye mlango wa kuingilia nyumbani, mikono ina povu la vyombo. Binti yao wa miaka kumi na minne alikaa sakafuni kwenye vipande vya sponji, daftari la hesabu limefunguliwa mbele yake kwa ajili ya kuonekana tu.

"Wasikilizaji wangu," ilisema redio, "kwa miaka kumi na tisa mwanamke huyu amesimama nyuma ya Jogoo akiitikia. Jogoo anaimba, yeye anaitikia. Jogoo anapigiwa makofi, yeye anafuta jasho. Sasa ametoka mbele na albamu yake mwenyewe, nyimbo kumi, muziki wa soul mtupu. Na sauti hiyo, jamani! Sauti hiyo inakufika tumboni kabla haijafika sikioni."

Binti alipiga kigelegele. Fundi alimgeukia mkewe, akamkuta anatazama sakafu kama mtoto anayesomewa ripoti ya shule.

"Ila," redio ikasema.

Fundi akaweka mkasi chini.

"Ila albamu ina mapengo. Msiniamini mimi, sikilizeni wimbo wa nne."

Wimbo ukapigwa. Sauti ya yule yule aliyesimama mlangoni na povu mikononi ikajaa karakana yote: mstari mmoja mrefu, ukapanda, ukakaa juu muda ambao mtu mwingine angeanguka, ukatua polepole. Kisha kimya. Besi peke yake ikahesabu moja, mbili, tatu, nne. Kisha sauti ikarudi.

"Mmesikia? Tunamngoja nani hapo?" Mtangazaji alikuwa anacheka sasa. "Mwenye nyumba ametandika meza, ameweka kiti, mgeni haji! Na si wimbo huo tu, ni zote kumi. Dada yangu, kama ulimsahau mwimbaji mkuu nyumbani, ungetuambia tukamfuate."

Binti alizima redio kwa ngumi. "Mjinga huyu! Anajua nini? Hata kuimba bafuni hawezi!"

"Iwashe," mama yake alisema.

"Mama, anakutukana."

"Hajanitukana. Amesema kweli."

Akajifuta mikono kwenye gauni, akasogea katikati ya karakana, akaanza kuimba wimbo wa kwanza wa albamu kwa sauti ya chini, kama anayetafuta kitu alichodondosha. Alipomaliza mstari akanyamaza. Na fundi akaona kwa macho yake: mguu wa kushoto wa mkewe ulirudi nyuma nusu hatua na kichwa kikainama kidogo, bila yeye kuuambia mguu wala kichwa. Ndivyo kazi ya mwitikiaji ilivyo. Ukimaliza mstari wako unampisha mwenye jukwaa, taa imwangukie yeye. Alijaribu wimbo wa pili, mguu ukarudi. Wa tatu, ukarudi.

"Mungu wangu," alisema. "Nimemwachia nafasi Jogoo. Nyimbo zote kumi, nimemwachia nafasi."

Alizitunga mwenyewe, jikoni, kwa miaka miwili, akafikiri anatunga nyimbo za mtu mmoja. Hakuna aliyemwambia. Wapigaji wake walidhani ni mtindo mpya. Fundi mitambo alidhani ndivyo soul inavyotakiwa. Fundi makochi naye, aliyelinda mlango kila Jumapili walipokuwa wakirekodi humu humu karakanani, kwa kuwa sponji inameza mwangwi kuliko kuta za studio, alidhani mkewe ananyamaza ili kumeza machozi, na alimpenda zaidi kwa hilo.

*

Mtaa haukuchelewa. Watu walikuwa wakimwita Mama Kibwagizo tangu zamani, kwa upendo, na sasa jina lile lile likaanza kuwa na meno. Jumatatu alikwenda sokoni kununua nyanya. Muuza mboga akamwimbia mstari mmoja wa wimbo wa nne, vizuri tu, kisha akaweka kiganja nyuma ya sikio na kungoja, shingo ameinyoosha kuelekea barabarani. Wanawake watatu walivunjika mbavu. "Mgema akisifiwa!" alisema mmoja wao, na hakuhitaji kumalizia. Mke wa fundi alicheka nao, akachukua nyanya zake, akarudi nyumbani akasahau chenji.

Fundi naye hakupona. Mteja mmoja, mwalimu mstaafu mwenye maneno ya taratibu, alikuja kukagua viti vyake.

"Fundi, hakikisha humu hamna pengo kama nyimbo za mkeo."

Fundi akacheka. Alicheka kwa sauti, hata akampiga mteja begani, kwa sababu mteja ni mteja. Mteja alipoondoka, binti yake alikuwa amesimama mlangoni na mfuko wa shule.

"Baba, ukicheka na nyani utavuna mabua."

"Nimecheka tu, mwanangu."

"Nimekuona."

Siku nzima fundi hakuweza kupigilia msumari ukanyooka. Ilimkata maini kwamba alicheka. Mwanamke yule aliimba kati ya viti vilivyovuliwa nguo, kwenye joto, madirisha yamezibwa kwa magodoro, hakulalamika hata siku moja, na yeye, mumewe, alikuwa amemcheka kwa ajili ya viti vinne vya kulia chakula.

*

Jumatano saa nne asubuhi Jogoo alikuja mwenyewe. Hakutuma mtu. Fundi alimwona tangu ng'ambo ya barabara, suti, viatu vinang'aa, watu wanamsalimia huku na huku, akajiandaa kwa kiburi. Lakini Jogoo alikuja mpole.

"Hodi, shemeji."

"Karibu. Kaa hapo, hilo limekwisha."

Jogoo akakaa kwenye kochi la mteja, nailoni ikalia chini yake. "Dada yupo?"

"Nipo, kaka." Alitokea ndani, akavuta stuli, akakaa mbali naye kidogo. Miaka kumi na tisa walisimama jukwaa moja na hawakuwahi kukaa wakatazamana namna hii.

"Nimeisikiliza albamu yako," Jogoo alisema. "Mara tatu mfululizo."

"Asante."

"Usinishukuru kwanza. Wimbo wa nne ulipofika pale, mdomo wangu ulifunguka wenyewe. Niko peke yangu chumbani, naimba. Wa sita, hivyo hivyo. Dada, zile nafasi umezipima kwa pumzi yangu. Hazizidi, hazipungui. Mke wangu wa ndoa hajui pumzi yangu ilivyo ndefu, wewe unaijua."

Fundi, aliyekuwa na misumari mitatu midogo mdomoni, nusura aimeze.

"Mtangazaji anacheka," Jogoo aliendelea, "mimi machozi yalinitoka. Siku zote nilidhani unaniitikia. Kumbe ulikuwa umenibeba." Alikuwa anasema kweli, akapitisha kiganja machoni. Kisha akajikusanya. "Basi sikia. Twende studio, nijaze nafasi zangu. Albamu itoke upya, wakose la kucheka. Na wewe urudi kwenye bendi. Tangu uondoke, wale niliowaweka wanaimba kama wanaosoma tangazo la msiba."

"Kwenye jalada litatangulia jina la nani?" fundi aliuliza.

"Shemeji, hayo ni mambo ya biashara. La kwangu ndilo linalojulikana."

"Nisipokubali?" aliuliza mke.

"Sitakuchukia. Ila mahali pako kwenye bendi nitampa mtu moja kwa moja. Siwezi kuwa na pengo jukwaani." Neno likamtoka kabla hajaliona. Akakohoa.

Mke wa fundi alitazama mikono yake. Alikuwa na miaka arobaini na mbili. Akikubali, albamu yake ingekuwa albamu ya Jogoo na yeye angekuwa anaitikia tena, safari hii nyimbo zake mwenyewe. Akikataa, mlango wa bendi unafungwa na anabaki na mapengo kumi yanayochekwa sokoni.

"Jumapili nina onyesho," alisema. "Njoo, kaka. Nikimaliza kuimba nitakujibu."

*

Jogoo alipokwenda zake, fundi aliendelea na kazi bila kusema neno, na mkewe akajua, kwa sababu fundi akifanya kazi kwa furaha hupiga mluzi.

"Sema," alimwambia.

"Nina la kusema?"

"Unang'oa misumari uliyoipiga jana."

Fundi akatazama, kweli. Akaweka koleo chini. "Wimbo wa tano."

Wimbo wa tano ulikuwa wa fundi. Ulimhusu mwanamume anayenukia gundi, asiyejua maneno matamu, anayekata kitambaa kikanyooka bila rula. Aliposikia mara ya kwanza fundi alitoka nje, akajifanya anatafuta kitu barabarani.

"Hata wimbo wangu?" aliuliza. "Hata humo umempisha?"

"Hata humo."

"Pumzi yake."

"Usiseme hivyo."

"Amesema yeye, si mimi! Mbele yangu! Amekaa kwenye kochi nililolitengeneza mimi, ananiambia mke wangu anamjua pumzi!"

"Nilikuwa kazini," alisema mkewe, polepole, kila neno peke yake. "Miaka kumi na tisa nilikuwa kazini. Wewe ukiona kiti popote, hata msibani, unakigeuza kuangalia chini yake. Nimewahi kukuuliza unamtafuta nani chini ya viti vya watu?"

Fundi alitaka kukasirika zaidi na akashindwa, maana msiba wa mwisho alikuwa amefanya hivyo hivyo, mbele ya wafiwa. Akakaa karibu naye kwenye sponji.

"Mimi kazi yangu ni kujaza," alisema. "Kochi likibonyea nalijaza, lisilojazika nalivua nguo naanza upya. Lakini hili lako, bibie, silijui. Ningelijua ningekusaidia."

"Najua," alisema mkewe, akamwegemea.

Alhamisi na Ijumaa wapigaji wake watatu walikuja mazoezini. Kwanza alijaribu kuziba nafasi kwa maneno yake mwenyewe, akasikika kama mtu anayejiuliza na kujijibu. Kisha akaamua kuzifuta kabisa, mstari ushike mkia wa mstari. Nyimbo zikaanza kukimbia. Mpiga besi, mzee mwenye maneno machache, alivumilia nyimbo tatu, akaweka gitaa mapajani.

"Dada, sasa unaimba kama umeacha chungu jikoni."

"Nifanyeje, mzee?"

"Mimi sijui. Ila pale unaponyamaza, mimi nilikuwa napapenda. Ndipo napojisikia."

Mke wa fundi akamwinulia gitaa kutoka mapajani. "Tuzirudishe kama zilivyokuwa," alisema. "Nitachekwa nikiwa nimesimama."

*

Onyesho lilikuwa saa kumi alasiri, kwenye ukumbi unaokodishwa kwa mikutano na harusi. Viti vya plastiki vilijaa nusu, na nusu ya hao nusu walikuja kuona mapengo kwa macho. Muuza mboga alikuwapo. Mtangazaji alikaa nyuma kabisa, karibu na mlango, na kijitabu chake. Jogoo alikaa mstari wa mbele, amevaa nyeupe tupu. Fundi na binti yake walikaa safu ya tatu. Fundi alikuwa amefunga tai ambayo ilimkaba tangu nyumbani.

Mkewe akatoka. Gauni la bluu, hana kidani, hana chochote cha kung'aa. Akaimba wimbo wa kwanza. Ilipofika nafasi, mguu ukarudi nyuma nusu hatua, na mtu mmoja upande wa kulia akaweka kiganja nyuma ya sikio. Kicheko kikapita kwenye viti. Binti alinyanyuka, fundi akamkalisha.

Wimbo wa pili. Mstari ulipotua, kabla besi haijahesabu mbili, Jogoo aliimba. Hakuwa na kipaza sauti na hakukihitaji. Aliimba akiwa amekaa, macho yamefungwa, na sauti yake ikaingia kwenye ile nafasi kama kitambaa kilichopimwa na kukatwa kwa kiti kile kile. Ukumbi ulilipuka. Watu walisimama, muuza mboga akapiga vigelegele. Fundi alitamani kuchukia, lakini masikio hayadanganyi: ilikuwa nzuri. Ilikuwa nzuri mno, na akaona albamu ya mkewe inaondoka mbele ya macho yake kwa shangwe. Jogoo alisimama, akafungua kifungo cha koti, akaelekea kwenye ngazi za jukwaa, na watu wakawa wanampisha kama walivyompisha siku zote.

Mke wa fundi akainua mkono, kiganja wazi. Wapigaji wakanyamaza. Jogoo akasimama, mguu mmoja kwenye ngazi ya kwanza.

"Kaka," alisema kwenye kipaza sauti. "Umeimba vizuri. Sijawahi kusikia mtu anaimba kama wewe, na nimesimama nyuma yako muda mrefu kuliko yeyote humu."

Watu wakapiga makofi. Akangoja yaishe.

"Nafasi hiyo nilikuachia miaka kumi na tisa, na sikuwahi kukunyima hata siku moja. Leo naomba uniachie niisikie ikiwa tupu. Sijawahi kuisikia. Hilo ndilo jibu langu, kaka, nimelitoa mapema kidogo."

Ukumbi ulikaa roho juu. Jogoo alisimama pale, na usoni mwake yakapita mambo mengi ambayo mwanamume hapendi yapite mbele za watu. Kisha akaweka mkono kifuani, akainama. Hakuinama kidogo, aliinama sawasawa. Akarudi kwenye kiti chake cha plastiki, akakaa.

"Tuanze upya huo," mke wa fundi alimwambia mpiga besi.

Mstari ukapanda, ukakaa juu, ukatua. Nafasi ikafika. Na safari hii mguu haukurudi. Fundi alikuwa anautazama mguu tu, hakutazama kingine, na aliuona unatetemeka, unataka kwenda, na mwenyewe anaukatalia. Alisimama mbele ya watu wote wale, kidevu juu, hana neno mdomoni, hana mtu wa kumficha, besi inatembea moja, mbili, tatu, nne. Hakuna aliyecheka. Ukimya ule ulikuwa na mtu ndani yake sasa, na kila mmoja alimwona. Sauti iliporudi, mwanamke mmoja mbele alisema "haya!" kwa nguvu, kama aliyetuliwa mzigo.

Jumamosi iliyofuata mtangazaji alikuja kuupiga wimbo huo mwanzo mpaka mwisho na kukiri hewani kwamba alikosea. Alisema pia kuwa wimbo wa saba bado ni mrefu kupita kiasi, jambo ambalo hata mwimbaji mwenyewe alilikubali. Watu walianza kuitafuta albamu, si wengi wa kumtajirisha, ila wa kutosha kwa onyesho la pili na la tatu. Lakini hayo bado yalikuwa mbele. Pale ukumbini ulikuwa unaanza wimbo wa tano.

"Baba, wako huo," binti alinong'ona.

Fundi alijua. Tangu Jumatano alikuwa amejipa moyo kwa wazo moja: kama nafasi ile si ya Jogoo, basi ni yake yeye. Wimbo ni wake, mke ni wake, ya nani tena? Kwa hiyo mstari wa kitambaa kinachonyooka bila rula ulipotua, aliegemea mbele, akanyoosha shingo yenye tai, akangoja mkewe amtazame.

Hakumtazama. Alitazama juu ya vichwa vyao wote, mbali, na alikuwa na uso ambao fundi hajawahi kuuona jikoni wala chumbani kwa miaka yote ya ndoa yao, uso wa mtu aliyekaa kwake na hana haraka. Besi ilipohesabu moja, fundi aliumia. Ilipohesabu mbili aliumia pia. Kwenye tatu alisahau kwamba wimbo unamhusu. Kwenye nne alikuwa anamtazama mwanamke yule kwa mshangao wa mtu aliyemwona leo kwa mara ya kwanza, akijiuliza ametoka wapi, na kwa nini hakuna aliyemwambia kwamba kuna mtu anaimba hivi.

Wimbo ulipokwisha alisimama peke yake, akapiga makofi mpaka viganja vikawaka moto, machozi yanamtiririka kwenye tai.

"Baba wewe, kaa chini!" alisema mama mmoja nyuma yake. "Unatuziba. Sisi nasi tumekuja kumwona."

Fundi aligeuka. Alitaka kumwambia kwamba yule ni mkewe.

"Samahani, mama," alisema, akakaa.